Shangazi, mbona juzi alikuwa mzima?

Katika toleo lililopita nilitaja kwa aya moja tu kwamba ninaumwa ugonjwa wa uchovu sugu, mwaka wa 14 sasa, na kwamba ndiyo sababu safu hii huchelewa. Sikutarajia barua zilizofuata. Nimezisoma zote, nne nne kwa siku, nikiwa nimelala chali na pazia limefungwa. Nimechagua sita zinazowasemea wengine, na safu yote ya leo ni yao.

Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu. Nilipata homa ya tezi, ile inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr. Homa ikaondoka, nguvu zangu hazikurudi. Ninayoyaandika nimeyapata kitandani na katika kusoma. Penye jambo la daktari nitakuambia uende kwa daktari.

*

Shangazi, salamu. Mke wangu ameambiwa ana ugonjwa kama wako. Jumamosi ilikuwa harusi ya mdogo wangu. Alivaa, alicheka, alicheza wimbo mmoja na mama yangu, kila mtu akasema amepona. Jumapili alikuwa mzima. Jumatatu mchana alishindwa kuinua kikombe, na leo ni siku ya tisa yuko chumbani gizani. Mama anasema ni uvivu wa kuchagua siku. Nampenda mke wangu, lakini nakiri nimeanza kujiuliza.
Mume Njia Panda

Ndugu yangu, hebu zihesabu tena siku zako. Jumamosi alicheza, Jumapili alikuwa mzima, Jumatatu akaanguka. Hilo pengo la katikati ndilo ugonjwa wenyewe. Mtu mwenye uchovu wa kawaida huchoka palepale kazini, hulala, akaamka mpya. Sisi mwili hutukopesha, kisha huja kudai baada ya saa 12, au 24, au siku 2 nzima, na hudai zaidi ya ulichotoa. Wagonjwa wenzangu wengi tunaita mporomoko. Daktari anayeujua ugonjwa huu huuliza habari za mporomoko kabla ya kuuliza habari za uchovu, kwa sababu uchovu upo katika magonjwa mengi, lakini kuzidiwa kwa kuchelewa namna hii ndiyo alama yetu.

Usidhani kwamba mporomoko ni usingizi mwingi. Wangu huanza kooni: koo linauma kama mafua yanakuja, tezi za shingoni zinavimba. Kisha miguu inakuwa mizito kama godoro lililoloa maji. Mwanga wa simu unanichoma. Mwisho yanaondoka maneno. Siku moja nilisimama nimeshika kitasa nikitaka kumwambia mwanangu afunge, na neno “mlango” likakataa kuja. Nililionyesha kwa kidole. Na usiku wake, pamoja na kuchoka kote huko, sikupata usingizi. Nilipolala alfajiri niliamka kama sijalala.

Kilichomwangusha mke wako si ule wimbo mmoja tu. Ni kuvaa, ni safari, ni kelele, ni taa, ni kusalimiana na watu mia na kukumbuka majina yao, ni furaha yenyewe. Akili ikifanya kazi hutumia akiba ileile inayotumiwa na miguu.

Unajiuliza kama ni kweli. Jambo hili limepimwa. Watafiti huwapandisha watu kwenye baiskeli ya mazoezi, wakiwa wamevaa kifuniko cha kupima pumzi, wakapiga pedali hadi mwisho wa uwezo wao. Kesho yake wanarudia. Mtu mzima wa afya, hata yule asiyefanya mazoezi kabisa, siku ya pili hufanya karibu sawa na jana. Wagonjwa wetu wengi siku ya pili hushuka, na kinachoshuka ni vipimo vya pumzi ambavyo mtu hawezi kuviigiza. Ukipima siku ya kwanza tu, unaweza kuwaandika wazima. Siwashauri mkatafute kipimo hicho, maana chenyewe kinaangusha, na kuna walioanguka wakachukua wiki nyingi kuinuka. Nakitaja kwa ajili ya mama. Mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam nao walichapisha kazi yao: walichukua vipande vidogo vya msuli kwa watu 25 wenye UVIKO wa muda mrefu wanaoporomoka kama sisi, na watu wazima wa afya 21, kabla na baada ya kupiga baiskeli kwa muda mfupi. Kwa wagonjwa, mitokondria, yaani zile tanuri ndogo za nguvu ndani ya chembe, zilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na baada ya baiskeli misuli yao ilionyesha kuharibika zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwombe mama aje siku ya tatu baada ya shughuli, si siku ya shughuli. Aingie chumbani bila marashi, akae dakika 10 bila kuzungumza, atazame. Nimeona dakika hizo 10 zikibadilisha watu ambao maneno yangu ya miaka mitano hayakuwabadilisha.

Shughuli nyingine ikija, mpangieni siku 2 za kulala kabla, kiti karibu na mlango, saa 1 ya kukaa, na siku 4 tupu baadaye. Na wewe, nakuomba kwa moyo wote, usimwambie tena “jikaze”. Najua ni neno la upendo. Nimelelewa nalo, nimewalea wanafunzi nalo. Katika ugonjwa huu ndilo neno linalotushusha kutoka kutembea hadi kutambaa, kwa sababu mgonjwa anayekupenda atajikaza kweli.

*

Shangazi, mimi ni muuguzi. Chuoni tuligusiwa ugonjwa huu kwa dakika chache, tukaambiwa uko akilini na kwamba mgonjwa ahimizwe mazoezi, aongeze kidogo kidogo. Sasa nina wagonjwa wawili na wote wamezidi kuumwa. Nimekosea wapi?
Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Dada yangu, umefundishwa vibaya. Kuuliza kwako kumenipa faraja, kwa sababu mimi nilikuwa mgonjwa wa mtu ambaye hakuuliza.

Mwaka wangu wa pili nilipewa ratiba: tembea dakika 5, kila wiki ongeza 5, usisikilize mwili. Niliifuata kama mwalimu anavyofuata mtaala. Dakika 5, 10, 15. Nikifika 20 nilirudi nyumbani nimeshikilia ukuta. Niliporipoti, niliambiwa ninaogopa mazoezi. Wiki ya sita sikuamka. Nilikaa kitandani miezi minne, nikilishwa na dada yangu. Kabla ya ratiba ile nilikuwa bado nasahihisha madaftari jioni. Sijasahihisha daftari tangu hapo.

Fundisho la “akilini” lina historia yake. Mwaka 1955 katika Hospitali ya Royal Free, London, wafanyakazi karibu 300 waliugua pamoja, na kutokana na mlipuko ule ndipo lilipotokea jina la kitabibu refu ambalo wengi hulifupisha kuwa ME. Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha ugonjwa katika magonjwa ya mfumo wa fahamu tangu 1969. Mwaka uliofuata madaktari wawili wa akili wakaandika kwamba mlipuko wa Royal Free ulikuwa histeria ya kundi, yaani hofu ya akilini iliyoambukizana, na mojawapo ya hoja zao ni kwamba wengi walioumwa walikuwa wanawake. Waliandika kwa kusoma mafaili. Hawakumpima mgonjwa hata mmoja. Naandika hili nikiwa mwanamke, na bado mkono unatetemeka. Kisha 1988 Wamarekani wakauita “uchovu sugu”, na jina hilo likafanya watu wote wadhani wanaujua, kwa kuwa nani hajawahi kuchoka?

Mazoezi nayo yalipata nguvu mwaka 2011, jarida la The Lancet lilipochapisha utafiti wa Uingereza ulioitwa PACE, wa wagonjwa 641. Ulisema mazoezi ya kuongeza na tiba ya mazungumzo vinasaidia, na baadaye watafiti wakaandika kwamba baadhi wamepona. Wagonjwa waliusoma mstari kwa mstari. Wakakuta kwamba ili uingie katika utafiti alama zako za uwezo wa mwili zisizidi 65, lakini ili uhesabiwe umefikia kiwango cha kupona kwa kipimo hichohicho zilitosha 60. Yaani ungeweza kuingia na 65, ukashuka hadi 60, na kipimo hicho kikasema uko sawa. Mgonjwa mmoja wa Australia aliomba takwimu zenyewe, chuo kikataa, baraza la rufaa likaamuru mwaka 2016 zitolewe. Zilipochambuliwa kwa vigezo ambavyo watafiti wenyewe walikuwa wamejiwekea mwanzoni, kupona kule kulipotea.

Leo miongozo imegeuka. Marekani, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa kiliondoa ushauri ule 2017. Uingereza, taasisi ya miongozo ya tiba, NICE, ilisema Oktoba 2021 kwamba mgonjwa wa ugonjwa huu asipewe ratiba ya mazoezi ya kuongeza kwa kiwango kilichopangwa. Tiba ya mazungumzo yaweza kutolewa kumsaidia mtu kubeba mzigo wa kuumwa, siyo kama dawa ya ugonjwa.

Badala yake, wafundishe wagonjwa wako kujipimia. Nitakuonyesha kwa jambo dogo, kuosha nywele. Naosha mara 1 kwa wiki, na siku hiyo sifanyi lingine. Nakaa kwenye kigoda cha plastiki. Mikono ikipanda juu ya kichwa moyo unaanza kwenda mbio; saa ya mkononi inaonyesha 118. Nashusha mikono mapajani. Povu linashuka shingoni, naliacha. Nasubiri hadi saa isome chini ya 95, ndipo napandisha mikono tena. Nikimaliza nalala palepale nje ya bafu, kwenye mkeka, taulo kichwani, dakika 20, hata kama najisikia vizuri. Hapo “hata kama najisikia vizuri” ndipo kazi ilipo. Anayepumzika baada ya kuchoka amechelewa. Hesabu zangu ni zangu; kila mgonjwa atafute zake kwa kuandika alichofanya leo na alivyokuwa keshokutwa.

Jambo moja zaidi, liko ndani ya uwezo wako usiku huu. Mlaze mgonjwa dakika 10, pima mapigo na presha. Msimamishe ameegemea ukuta, pima kila dakika hadi dakika 10, ukiwa karibu ili asianguke. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kukaa huko bila presha kushuka, kwa kijana 40, mwambie daktari. Wengi wetu damu haipandi vizuri tukisimama, na hilo lina matibabu yake hata kama ugonjwa wenyewe hauna.

*

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 16. Tangu nilipougua homa mwaka jana siwezi kukaa darasani zaidi ya vipindi viwili. Nikisoma, mistari inapita bila kuingia. Wengine wanasema nina sonona, wengine wanasema natoroka hisabati. Mimi naipenda hisabati. Nitapona?
Kijana wa Dawati la Nyuma

Marahaba mwanangu.

Kwanza, homa. Hukuibuni. Katika mji wa Dubbo, Australia, watafiti waliwafuata watu 253 tangu siku walizougua maambukizi matatu tofauti, mojawapo ile homa ya tezi iliyonipata mimi. Baada ya miezi 6, watu 28 walikuwa na ugonjwa wa uchovu sugu, karibu mmoja katika kila tisa. Maambukizi yalikuwa tofauti, ugonjwa uliobaki ukawa uleule. Na kilichoashiria nani atabaki mgonjwa kilikuwa ukali wa homa ya mwanzo, siyo tabia ya mtu wala hali ya moyo wake kabla ya kuugua.

Pili, sonona. Ni ugonjwa wa kweli pia, na mtu anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo usione aibu kuulizwa. Lakini mara nyingi mwenye sonona hana hamu ya kitu. Mpeleke atembee kidogo, moyo unafunguka. Wewe hamu unayo tele. Andika orodha ya unayotamani kufanya kesho kama mwili ungekuruhusu, umpe daktari. Wagonjwa wetu hujaza ukurasa.

Daktari apime pia mengine yanayochosha na yenye dawa: upungufu wa damu, tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kisukari, maambukizi, kukatika pumzi usingizini. Kwa mwongozo wa NICE, kijana huanza kushukiwa ugonjwa huu baada ya wiki 4, na kuthibitishwa baada ya miezi 3. Wewe umemaliza mwaka. Mzazi wako asikubali “tusubiri tuone” nyingine.

Shuleni ombeni mambo manne tu: vipindi vichache vya asubuhi au vya wakati ule kichwa chako kiko wazi, mahali pa kulala kabla hujachoka, mwalimu mmoja wa kuwasiliana naye badala ya tisa, na mitihani yenye mapumziko. Nikiwa mwalimu nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akilaza kichwa dawatini kila siku baada ya saa nne. Nilimsimamisha. Nilimsimamisha mara nyingi. Sasa ninajua huenda alikuwa na nini, na ningetoa mengi nimwone nimwombe radhi.

Utapona? Sikuahidi, ila nakuambia lililo kweli: walioanza wakiwa vijana hupata nafuu mara nyingi zaidi kuliko sisi tulioanza ukubwani. Usiichezee nafasi hiyo kwa kukimbiza vipindi. Fanya hesabu moja kwa siku, ile unayoipenda zaidi, ukiwa umelala.

*

Shangazi, kuna mtu anauza dawa anayosema inaponya ugonjwa huu kwa siku 40. Ndugu zangu wako tayari kuchanga. Je, utafiti umefikia wapi kwa kweli?
Mwenye Matumaini

Mwenzangu, fedha hizo zisitoke. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuuponya ugonjwa huu, popote. Zipo dawa za kupunguza maumivu, za usingizi, za mapigo ya moyo, na daktari mzuri huanza na kipimo kidogo sana maana miili yetu huzikataa dawa kwa urahisi.

Nitakusimulia kisa kimoja cha Norway, kinifundishe mimi na wewe pamoja. Madaktari wawili wa saratani wa Bergen, Øystein Fluge na Olav Mella, walimwona mgonjwa wa saratani ya limfu aliyekuwa na ugonjwa wetu pia, na baada ya matibabu ya saratani uchovu wake ukapungua. Wakajaribu dawa ya rituximab kwa wagonjwa 30, mwaka 2011 wakatoa matokeo ya kutia moyo. Nilikuwa mgonjwa mpya. Nililia kwa furaha, nikaanza kuuliza bei. Wao hawakuuza. Walifanya jaribio kubwa zaidi, wagonjwa 151, nusu wakipewa dripu isiyo na dawa bila mtu kujua nani kapewa nini. Matokeo yalitoka 2019: waliopewa dawa walioonyesha nafuu asilimia 26, waliopewa dripu tupu asilimia 35. Dawa haikufanya kazi, na wao wenyewe ndio waliosimama wakasema hivyo. Nililia tena, lakini tangu siku ile nawaamini. Mwaka 2025 walitoa matokeo ya dawa nyingine, daratumumab, kwa wanawake 10. 6 walipata nafuu kubwa. Tumeshaona mwanzo mzuri ukiyeyuka, na hawa ni 10 tu na hapakuwa na dripu tupu ya kulinganisha, kwa hiyo jaribio kubwa linafanywa. Mtu anayekuuzia siku 40, muulize: umejaribu kwa wangapi, na waliopewa kisicho dawa walikuwaje?

Habari iliyonikalisha kitako ni ya Agosti 2025. Utafiti wa DecodeME, wa Chuo Kikuu cha Edinburgh pamoja na wagonjwa wenyewe, ulilinganisha vinasaba vya wagonjwa 15,579 na vya watu zaidi ya 250,000 wasio na ugonjwa huu. Wamekuta sehemu 8 za vinasaba zinazotofautiana, na baadhi zinahusu jinsi mwili unavyopambana na maambukizi na jinsi mfumo wa fahamu unavyofanya kazi. Bado si kipimo cha hospitali, wala haimaanishi kwamba utamrithisha mwanao. Ila wagonjwa walitema mate katika chupa ndogo wakiwa vitandani mwao, wakayatuma kwa posta, na mate yale yamejibu hoja ya miaka 55, ile ya kwamba ugonjwa uko akilini. Linaloniuma ni kwamba uchambuzi huo ulikuwa wa watu wenye asili ya Ulaya peke yao. Ugonjwa hauchagui hivyo, na utafiti usichague. Ukisikia utafiti wa chuo au hospitali unaotafuta wagonjwa, wenye kibali cha kamati ya maadili, usioomba hata senti kutoka kwako, uliza kama unaweza kushiriki kutoka nyumbani. Hapo ndipo ndugu zako wachangie: nauli ya daktari, kiti cha bafuni, mtu wa kufua.

*

Shangazi, dada yangu hasimami tena, hazungumzi, mwanga na sauti vinamtesa. Wiki mbili hizi anameza vijiko vichache tu. Daktari anasema akiamua kula atakula.
Mdogo Mtu

Mdogo wangu, barua yako nimeijibu kwa simu siku ileile niliyoipata. Naichapisha kwa ajili ya wengine.

Karibu robo ya wagonjwa hufikia, kwa muda fulani, kutotoka nyumbani au kitandani. Walio chini kabisa hawana nguvu za kutafuna na kumeza. Huko si kuamua. Uingereza mwaka 2021 binti wa miaka 27 alifariki kwa utapiamlo kutokana na ugonjwa huu, na mwaka 2024 mchunguzi wa vifo aliandika ripoti rasmi ya kuonya, akieleza kwamba hapakuwa na vitanda maalumu kwa wagonjwa mahututi wa namna hii. Aliyeshindwa kula na kunywa apelekwe hospitali mapema, aulizwe habari ya mpira wa kulishia kabla hajakonda mno, na alishwe akiwa amelala kadiri daktari anavyoona ni salama. Safarini: kitambaa cheusi machoni, vizibo masikioni, alale njia nzima. Andika karatasi moja ya mahitaji yake, uibandike juu ya kitanda, ili asiulizwe jambo lilelile na kila zamu. Daktari akikataa, omba mwingine. Omba kwa sauti ya upole na usiondoke mlangoni.

*

Shangazi, rafiki yangu ana ugonjwa huu. Nilikuwa namwandikia kila siku, hajibu. Sijui kama ameniacha au nimuache.
Rafiki wa Tangu Shule

Rafiki mwema, ana ujumbe wako simuni. Ninajua kwa sababu mimi ninao wa watu 31 ambao sijawajibu, na kila mmoja naujua kwa moyo. Kujibu ni kutafuta maneno, maneno ni akiba, na akiba leo imekwenda kwenye kuoga. Halafu siku zinapita, aibu inaongezeka, na aibu nayo inachosha.

Kikundi chetu cha wagonjwa tuna kanuni moja iliyotuweka pamoja miaka sita: hakuna anayeulizwa alikuwa wapi. Mtu anapotea miezi mitatu, akirudi tunamwambia karibu, basi. Tunakutana kwa sauti tu, dakika 15, kila mtu amelala kwake, na anayetaka kunyamaza ananyamaza. Tarehe 12 Mei, siku ya kimataifa ya ugonjwa huu, ambayo ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale, muuguzi aliyeishi miaka mingi akiwa mgonjwa kitandani, wale wenye ndugu wazima huwatuma kwa niaba yao. Tangu 2016 katika miji mingi ya dunia hupangwa viatu vitupu barabarani, vya watu wasioweza kuja. Vyangu vilikwenda mara moja: viatu vyeusi vya kufundishia, kisigino cha kushoto kimelika kwa kusimama ubaoni. Alivipeleka rafiki yangu ambaye sikuwa nimemjibu kwa miezi minane. Hakuniuliza kitu. Alinitumia picha ya viatu na neno moja, “vimefika”.

Kwa hiyo endelea kumwandikia, lakini fupi. Usiulize swali, maana swali linadai. Usitume sauti ya dakika tano. Mwambie ulichokiona njiani, kimoja, halafu malizia kwa “usinijibu”. Na ukiwa na siku ya nafasi, mwambie dada yake kwamba Jumanne utapita kuchukua nguo za kufua, utazikuta mlangoni, na hutaingia.